Pesa za Kuzikia

Kwa miaka mingi watu wa kijiji chake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hawakufurahi kumwona Nabintu akija asubuhi amejifunga kitenge cheusi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha maziko. Kila nyumba ilitoa kidogo kila mwezi, na mtu akifa, hata akifia hospitali huko Mbarara, chama kilikodi gari, kikanunua mbao za sanduku, kikawapikia wafiwa. Nabintu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua mfu. Alikuwa amewarudisha wengi kwa namna hiyo, ameketi nyuma ya gari, mkono juu ya sanduku ili lisiruke kwenye mashimo.

Kazi hiyo hakuitafuta. Alikuja kutoka Walungu, Kivu ya Kusini, Kongo, mjane, akiwa na binti yake Bénédicte na dada yake mdogo. Dada alikufa mwaka wao wa kwanza hapa, akazikwa amefungwa ndani ya shitingi, turubai la plastiki la shirika, kipande kilekile walichokuwa wamepewa cha kuezekea. Nabintu alitoka makaburini akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na chama kilizaliwa hivyo. Wanachama wengi walikuwa Bashi, watu wa Walungu kama yeye, lakini walikuwamo pia Wanyamulenge, wafugaji wa milimani. Kule nyumbani vita vilikuwa vimewatenganisha watu hawa. Hapa walijikuta katika mstari mmoja wa nyumba, wanachota maji bomba moja, na hatimaye wakakubali kuzikana.

Posho ya chakula ilipoanza kupunguzwa, watu walidhani ni jambo la muda. Kwanza ilikatwa nusu. Baadaye ikakatwa tena. Halafu siku moja kiongozi wa kijiji akapita na kipaza sauti akieleza kwamba wafadhili wamepunguza fedha, na kwamba sasa familia zitagawanywa makundi. Wale walioonekana hawajiwezi kabisa wataendelea kupata kitu. Wale wa katikati watapata pungufu ya hapo. Wale walioonekana wanaweza kujitegemea hawatapata chochote.

Nabintu aliwekwa kwa wanaojitegemea. Alikuwa na mikono miwili, binti mtu mzima, na kipande cha shamba ambacho mvua ilikuwa imekikwepa misimu miwili. Alikwenda kwenye meza ya malalamiko, akapanga foleni, akaeleza. Kijana aliyekuwa pale alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama," akamwambia, "wote wanasema hivyo."

Hakusema kwa ubaya. Alionekana amechoka kuliko yeye.

Basi Nabintu na Bénédicte wakaingia kwenye kundi la watu waliokwenda Ngarama kulima kibarua kwenye migomba ya wenyeji. Mwanzoni kazi ilipatikana. Lakini kadiri posho zilivyokatwa ndivyo vibarua walivyoongezeka, na malipo yakashuka. Siku nyingine walilipwa ndizi mbivu zilizopasuka, wakala njiani wakirudi, wakafika nyumbani mikono mitupu. Prince, mtoto wa Bénédicte, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, aliacha kutembea. Nywele zake ziligeuka rangi ya majani makavu.

Majirani zao wa karibu kabisa walikuwa mzee Gatete na mkewe Mukamana. Gatete alikuwa Mnyamulenge mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likichoma. Zamani alikuwa na ng'ombe wengi huko Minembwe. Sasa alikuwa na fimbo tu, na mazoea ya kusimama kwa mguu mmoja akiiegemea. Kwa sababu ya uzee, yeye na mkewe walikuwa wamebaki na posho. Siku ilipoingia, Mukamana alimletea Nabintu bakuli la unga amelifunika kwa kanga, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

"Munakula nini ninyi, mama?" Nabintu alimuuliza.

"Tunakula. Batu bazee hatukule mingi."

Ilikuwa Bénédicte aliyesema kwanza jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliwaza. Siku ya mkutano wa chama, baada ya ibada, chini ya paa la kanisa, alisimama na Prince mgongoni akasema pesa za maziko zipo, na watoto wapo, na yeye haoni sababu ya pesa kungojea watoto wafe.

Nabintu alitamani ardhi immeze, kwa kuwa ni binti yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwaza vilevile.

Aliyesimama kupinga ni Byamungu, seremala, mtunza fedha wa chama. Ndiye aliyetengeneza masanduku yote. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa makali.

"Hii makuta haiko ya siye," alisema. "Iko ya ule mwenye atakufa. Tukiikula leo, ule mutu tumemwiba. Na hatumjue ni nani. Anaweza kuwa mutoto wako, Bénédicte. Utamufunga na shitingi?"

Pasta Onesphore akaanza kusema waombe kwanza. Hapo mzee Gatete akainuka polepole, fimbo kwanza, mwili baadaye.

"Pasta, ngoja. Tutaomba. Mimi njo muzee kupita beote hapa, si vile? Kama kuna mutu hii makuta inangojea, ni mimi. Sasa mimi nasema: mukule."

"Muzee, usiseme vile," Byamungu alimwambia.

"Nasema. Ile mutoto wa Bénédicte, namusikia kila usiku kupitia ukuta. Sitaki alie juu ya sanduku yangu."

"Na siku utakufa tutakuzika na nini? Na maneno?"

"Mutatafuta fasi ya karibu," Gatete alijibu, "munipime vizuri, mimi ni murefu."

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kubishana tena. Wengi waliinua mikono. Byamungu alifungua kisanduku cha pesa mbele ya wote, akagawa sawasawa, akaweka ufunguo mezani. Sehemu yake mwenyewe aliiacha hapo.

"Mutafute mutunza fedha mwingine," alisema, akatoka.

Nabintu alinunua unga, maharage, mafuta na maziwa ya unga ya Prince. Siku hizo chache moshi ulitoka katika kila nyumba ya mstari ule, na watoto walicheza mpaka giza likaingia. Kisha vyakula vikaisha, na hali ikawa kama ilivyokuwa, ila sasa hapakuwa na kisanduku. Mkutano wa chama haukuitishwa tena. Hapakuwa na la kujadili.

Gatete aliugua mwishoni mwa kiangazi. Alianza kwa kukohoa, kisha akashindwa kumeza. Gari la wagonjwa la kituo cha afya lilimpeleka Mbarara, ambako binti yake Liliane alikuwa akiosha vyombo kwenye mkahawa karibu na soko. Liliane ndiye aliyelala naye wodini, chini ya kitanda, asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Mukamana alibaki nyumbani. Magoti yake hayakumruhusu safari.

Simu ilimkuta Nabintu shambani Ngarama, jembe mkononi.

"Mama Nabintu," Liliane alisema. "Papa amelala."

"Umemwambia mama?"

"Sijaweza. Nimekuitia wewe."

Nabintu aliweka jembe chini. Tajiri wa shamba alimwambia akiondoka kabla ya kumaliza mstari hatalipwa siku hiyo. Akaondoka.

Alimkuta Mukamana ameketi mlangoni akichambua mawe kwenye mtama. Mukamana alimtazama akija wakati ambao si wa kurudi kutoka shamba, akaweka ungo pembeni, akajifunika uso kwa kanga. Nabintu aliketi kando yake. Majirani wakaanza kujaa uani.

Baadaye Mukamana aliuliza jambo moja tu. "Atakuja?"

Gari la kurudishia maiti lililokuwa likigharimiwa na mradi mmoja lilikuwa limeondolewa pamoja na mradi wenyewe. Chama hakikuwa na kitu. Nabintu alijua yote hayo, na Mukamana aliyajua pia.

"Atakuja," Nabintu alisema.

Pasta Onesphore alichangisha nauli ya mtu mmoja. Kesho yake asubuhi Nabintu alikuwa Mbarara.

Liliane alikuwa amekaa nje ya mochari juu ya ndoo iliyopinduliwa, bado amevaa aproni ya mkahawa. Alikuwa na urefu wa baba yake. Mhudumu wa mochari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliwaambia mwili unaweza kukaa mpaka kesho. Baada ya hapo, kama hawana namna, manispaa itamzika pamoja na wengine wasio na ndugu.

"Yeye ana ndugu," alisema Liliane.

"Najua, nyabo," alijibu mhudumu kwa heshima. "Nasema tu ile sheria inasema."

Siku ile nzima walizunguka mji. Walikwenda kwanza kwa mwenye gari aliyezoea kubebea chama. Alimkumbuka Nabintu, akamkaribisha kiti, akampa pole ya kweli. Halafu akataja bei, na bei ilikuwa ileile ya zamani pamoja na kupanda kwa mafuta. Alisema kama angekuwa na lake angetoa, lakini gari ni la mkopo. Kwenye stendi dereva mmoja aliwasikiliza mpaka aliposikia neno maiti. "Abiria wakijua hawatapanda tena," alisema, akapandisha kioo. Mkongomani mmoja mwenye duka la vitenge, mtu wa Bukavu, aliwapa soda moja na noti iliyokunjwa, akasema wiki hii tayari wamekuja wengine kwa shida kama hiyo. Nabintu alimwamini.

Alasiri waliketi kwenye ngazi za duka lililofungwa. Miguu ya Nabintu ilikuwa imevimba. Alikunywa nusu ya soda akampa Liliane nusu.

"Tumuache hapa," Liliane alisema ghafla. "Mimi niko hapa. Nitakuwa namutembelea."

"Manispaa haitakuonyesha fasi yake."

"Sasa tufanye nini, Mama Nabintu? Ninyi mulikuwa na chama."

Hakukuwa na lawama katika sauti ya msichana. Alikuwa anataja tu kitu kilichokuwapo. Lakini Nabintu alimwona Prince akinywa maziwa yale, akaona mkono wake mwenyewe ukipokea sehemu yake pale mezani, na alishindwa kujua kama angeweza kurudia siku ile angeinua mkono au asingeinua. Alichoka hata kufikiri.

"Tulikikula," alisema mwisho. "Papa yako alituambia tukule."

Liliane aliitikia kwa kichwa. "Aliniambia. Alikuwa anacheka." Kisha akainuka akapangusa aproni. "Kuna batu ba lori. Banakulaka kwetu jioni."

Ndivyo walivyompata Ndayambaje. Alikuwa dereva wa lori la matoke, mtu wa Kisoro, mnene, mwenye taulo shingoni. Alipeleka ndizi Kampala, na usiku huo angelala Mbarara. Kesho angekwenda Rwekubo, mji mdogo wa karibu na kambi, kupakia tena, lori likiwa tupu. Liliane alimsemesha kwa lugha ya kwao, ambayo inakaribiana sana na ya huko Kisoro. Ndayambaje aliacha kula. Akamgeukia Nabintu kwa Kiswahili.

"Huyu mzee ni wa kwako?"

"Ni jirani."

"Jirani." Alimtazama tena. "Karatasi ya hospitali iko?"

"Iko."

"Askari wa barabara anataka karatasi. Mimi sitaki kesi." Alinawa mikono, akajifuta kwa taulo. "Sikia, mama. Mafuta naweka kwa sababu ya matoke, si kwa sababu yako. Basi pesa sitaki. Lakini mimi naacha nyinyi Rwekubo. Kule kwa kambi barabara inavunja gari, na tajiri yangu anapima kilomita. Kutoka Rwekubo mnajua wenyewe."

"Tunajua," alisema Nabintu, ingawa hakujua.

Usiku alimpigia Pasta Onesphore. Pasta alisema watu watakuja Rwekubo na kipoyi, machela ya miti miwili na kamba, kama walivyokuwa wakibeba wagonjwa huko milimani. Alisema atatangaza. Alipoulizwa ni wangapi watakaokuja, alikohoa. "Kesho ni siku ya kibarua," alisema. "Tutaona."

Asubuhi vijana wa kupakia wa Ndayambaje waliona kinachotolewa mochari wakaruka chini ya lori, wakasema watatangulia kwa pikipiki. Hivyo mzee Gatete alipakiwa na mhudumu wa mochari, Nabintu, Liliane na dereva mwenyewe, akihema na kulaani vijana wake. Walimlaza juu ya majani ya migomba yaliyobaki, wakamfunika turubai. Wanawake wawili wakaketi huku na huku yake.

Walipofika Masha lori lilisimama. Kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka barabara, ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu, wakienda kunywa, bila haraka yoyote. Mchungaji wao alipiga mluzi mara kwa mara. Ndayambaje alizima injini. Liliane, ambaye hakuwa amelia tangu Nabintu afike, aliwatazama ng'ombe wale kupitia mbao za ubavu wa lori.

"Papa angekuambia yupi ana mimba," alisema, "na yupi ameachishwa juzi." Hapo akalia, kwa sauti, mdomo wazi kama mtoto. Nabintu alimwacha alie. Alishika turubai lisipeperuke, mpaka ng'ombe wa mwisho alipovuka.

Huko Rwekubo Ndayambaje aliwashusha pembeni mwa kituo, mbali kidogo na maduka, wenye maduka wasije wakalalamika. Alivua taulo shingoni, akasimama kidogo, akasema neno kwa lugha yake. Kisha akakumbuka matoke yake akaondoka.

Wabebaji walikuwa wamekwishafika, wamekaa kivulini. Nabintu aliwatazama, akawahesabu. Walikuwa wachache, hawakutosha hata kupokezana zamu mbili. Pasta Onesphore alikuwapo, na vijana wawili watatu wa kwaya, na mzee Munyakazi aliyekuwa na umri wa kubebwa mwenyewe. Wengine walikwenda kibarua. Hakuweza kuwalaumu, ambaye hakulima jana hakula jana. Pembeni, amewapa wote mgongo, Byamungu alikuwa akikaza kamba za kipoyi.

Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mgawo.

"Papa Byamungu," Nabintu alimwita.

"Kamba hii ni mbovu," alijibu. "Nani aliifunga? Itatuangushia muzee." Akaendelea kufunga.

Walianza safari jua likiwa limepanda. Kutoka Rwekubo mpaka kijijini ni mwendo ambao mtu mzima aliyeshiba huumaliza kwa sehemu ya siku bila kuuwaza. Lakini hawa hawakuwa wameshiba, na Gatete, pamoja na wembamba wake, alikuwa mzito kama wafu wote. Walibeba kidogo, wakatua. Wakabeba tena, wakatua. Vumbi lililofukuzwa na pikipiki liliwakaa usoni. Wenyeji waliokutana nao walivua kofia, na mwanamke mmoja alitoka na jagi la maji ya kunywa akawapitishia, akasema pole kwa Kinyankore, akarudi kwake.

Mchana, mmoja wa vijana wa kwaya, aliyeitwa Gradi, aliyumba, akapiga magoti, kipoyi kikainama upande. Byamungu aliwahi kukidaka. Walimlaza Gradi kivulini. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amekula tu. Pasta alitazama waliobaki, akatazama barabara, akajifuta jasho.

"Tungoje," alisema. "Labda kuna batu nyuma."

"Hakuna batu nyuma, Pasta," alisema Nabintu. Alijifunga kitenge kiunoni vizuri, akaenda akashika mti pale alipokuwa Gradi.

Pasta alisita. Wanawake hawabebi maiti, si kwa Bashi, si kwa Wanyamulenge. "Mama Nabintu, heshima ya muzee…"

"Muache," alisema Byamungu kutoka upande wa pili wa mti, bila kumtazama mtu. "Heshima yake ni kufika."

Liliane naye akaja, akachukua nafasi ya Munyakazi. Kwa urefu wake kipoyi kilikaa sawa zaidi kuliko mwanzo. Wakainua.

Nabintu alibeba. Mwanzoni alihisi bega, halafu mgongo, halafu hakuhisi kitu zaidi ya mlio wa kamba kwenye mti. Mbele yake alikuwa anaona kisogo cha Byamungu, shati lililolowa. Baada ya muda Byamungu alianza kusema, kama anayezungumza na barabara.

"Mimi nilikasirika mingi."

"Najua."

"Bado nimekasirika."

"Ndiyo."

Wakatembea. "Mutoto yuko aje?" aliuliza.

"Ameanza tena kusimama. Anashika ukuta."

Kwenye kilima cha mwisho walitua mara nyingi kuliko njia yote. Walipoingia kijijini jua lilikuwa linatua, na wale waliotoka kibarua waliwaona wakiwa mbali, wakaja mbio na majembe bado mabegani, wakawapokea. Wengine hawakuweza kuwatazama usoni wabebaji. Walibeba kwa kasi hatua hizo za mwisho, wengi kupita kiasi, wakisongamana kwenye miti.

Mukamana alikuwa amesimama uani. Magoti yalikuwa yakimtetemeka, lakini alisimama. Walipomtua mumewe mbele yake aliinama, akafunua turubai usoni, akamtengeneza kola ya shati.

"Umekonda," alimwambia.

Usiku walimkeshea kwa nyimbo. Asubuhi Byamungu alileta sanduku. Lilikuwa la mbao nzito, zisizolingana, nyingine zina alama za msumeno na matundu ya misumari ya zamani, na lilikuwa refu kuliko masanduku yote aliyowahi kutengeneza. Nabintu alizitambua mbao. Zilikuwa za meza ya kazi ya Byamungu, ile aliyoranda juu yake tangu alipofika kambini. Alimwangalia.

"Hakuna mutu ananunua kiti siku hizi," alisema Byamungu. "Meza ilikuwa inakamata tu fasi."

Hapakuwa na chakula cha wafiwa. Mtu alileta chai isiyo na sukari kwenye sufuria, ikagawanywa kwa vikombe vichache vilivyozunguka. Pasta Onesphore alihubiri kwa kifupi, kwa sababu watu walikuwa wamesimama na jua lilikuwa kali, na kwa sababu sauti ilikuwa imemkauka. Bénédicte alifika makaburini na Prince, akakaa nyuma ya wote. Kaburi lilipofunikwa alikwenda kwa Mukamana akapiga magoti, akataka kusema jambo akashindwa. Mukamana alimchukua mtoto, akampima kwa mikono, juu na chini.

"Amekuwa muzito," alisema, akamrudishia.

Liliane alirudi Mbarara siku ileile. Mkahawa ulimruhusu siku hizo tu. Jioni watu walisogeasogea mlangoni kwa Nabintu. Walitaka kujua kama chama kitaanza tena. Mmoja alisema waanze na kidogo kabisa, hata kama ni ya kiberiti. Mwingine akauliza itatoka wapi hata hiyo ya kiberiti. Walimtafuta Byamungu kwa macho, naye alikuwa ameketi juu ya jiwe akichomoa vibanzi vya mbao mkononi.

"Mimi sitashika pesa tena," alisema. "Lakini kamba ya kipoyi nitatafuta mupya. Ile ilikuwa mbovu."

Wengine waliitikia, wengine waliondoka bila kusema. Nabintu hakuamua neno. Mabega yalikuwa yamefanya malengelenge, na alikuwa anawaza tu kulala.

Kesho yake, kabla hapajapambazuka vizuri, kundi la kibarua lilikusanyika barabarani kama kawaida, watu wamejifunga nguo za shamba. Nabintu alikuta mtu ameshatangulia, amekaa ukingoni mwa barabara na jembe la kuazima magotini. Alikuwa Mukamana.

"Mama, hapana," Nabintu alisema. "Rudi ndani. Siku zako za matanga hazijaisha."

"Posho ilikuwa ya batu wawili," Mukamana alijibu. "Jana batu ba posho balikuja kuniambia sasa tuko mutu mmoja, bataangalia tena kundi langu."

"Utatembea vipi mpaka Ngarama?"

"Polepole."

Kundi lilikuwa limeanza kusogea. Bénédicte alilichukua lile jembe kutoka magotini kwa mama mzee, akaliweka begani pamoja na lake. Nabintu alimpa mkono, Mukamana akainuka, akasimama kidogo magoti yatulie.

"Kule huwa munaanza kulima upande gani?" aliuliza.

"Wa juu," alisema Nabintu. "Udongo wake ni laini kidogo."

Wakatembea nyuma ya wengine, kwa mwendo wa magoti yale.